Sakafu ya Thomasin

Kijijini Ashcombe Lacey, huko Wiltshire, Uingereza, kila mtu alijua kwamba ukiingia na viatu kwenye banda la kimea la Thomasin Pargeter, umejitakia. Awe kasisi, awe bwana mwenye farasi watatu, mlangoni alivua. Mwenyewe alitembea humo pekupeku, kiangazi na kipupwe, na nyayo zake zilikuwa ngumu kuliko soli za viatu vya wengi wetu.

Kwani mtengeneza kimea hapimi joto la shayiri kwa mkono. Shayiri ikishalowekwa siku mbili tatu humwagwa sakafuni, ikalala hapo ikichipua, na yeye huingia katikati yake akasimama kimya. Nyayo ndizo zinazomwambia pale pameshika joto mno, pale pamepoa, pale pageuzwe kwa koleo la mbao kabla mambo hayajaharibika. Lakini nyayo hazisemi kitu kama sakafu ni mbovu. Sakafu yenye nyufa huozesha shayiri upande mmoja na kuilaza isichipue upande wa pili, kimea kikaharibika, bia ikakosekana, na kijiji kizima kikalazimika kunywa maji. Sijamwona mtu wa Wiltshire anayekunywa maji kwa hiari yake.

Sakafu ile aliitengeneza baba yake, Barnabas Loder, ndani ya zizi kuukuu la ng'ombe la marehemu babu yake. Alichanganya udongo wa mfinyanzi, chokaa, majivu na damu ya ng'ombe, kisha akaita kijiji kizima waje waikanyage. Ndiyo desturi yetu. Mpiga fidla alikaa dirishani, watu wakacheza pekupeku siku tatu mfululizo mpaka udongo ukakaza na kung'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Thomasin alikuwa na miaka saba. Maisha yake yote alikumbuka damu ikimpenya kati ya vidole vya miguu, na baba akimgombeza kwa kukanyaga mahali pamoja mara mbili.

"Hapo pameshaisha, binti. Sogea. Sakafu haitaki upendeleo."

Miaka kumi na minne baadaye, Thomasin akiwa ameolewa na Walter Pargeter na ana mimba ya kwanza, wachimbaji wa mfalme walikuja.

Mfalme Charles alikuwa na vita vyake, na vita vinataka baruti, na baruti inataka shura, ile chumvi inayojijenga taratibu kwenye udongo ulionyonya mikojo na samadi miaka mingi. Basi mfalme akawapa watu wake hati yenye muhuri: waingie zizi lolote, banda lolote la njiwa, chumba chochote cha kulala, wachimbe, na udongo wapakie kwenye mkokoteni wa mwenye nyumba. Kufuli lisiwazuie. Na mtu asithubutu kuweka mawe wala matofali sakafuni, maana shura haikui chini ya mawe. Yaani uache nyumba yako chafu kwa manufaa ya mfalme. Bunge halikuulizwa, na wenye nyumba ndio kabisa.

Habari kwamba wachimbaji wako kijiji cha jirani ilifika asubuhi. Barnabas na bintiye wakafanya kosa ambalo mtengeneza kimea tu ndiye angeweza kulifanya: walitoa shayiri yote iliyokuwa imelowekwa, wakaitandaza sakafuni ukuta hadi ukuta. Waliamini hakuna binadamu mwenye akili atakayetia koleo kwenye shayiri inayochipua. Hata wezi wa nguruwe wa Wiltshire huizunguka.

Mkuu wa wachimbaji aliitwa Ambrose Quilter, mtu mwembamba mwenye vidole vya manjano na adabu nyingi. Alifuatana na konstebo wetu wa kijiji, Elias Mundy, ambaye kwa amri ya hati ile ilimbidi awaongoze nyumba kwa nyumba, na uso wake siku hiyo ulikuwa wa mtu aliyekula samaki aliyevunda. Quilter alichutama kizingitini, akasogeza shayiri kwa kiganja, akakwangua udongo kidogo kwa kisu na kuuweka ulimini.

"Ng'ombe walilala hapa," alisema, akiufyonza taratibu. "Wengi, tena zamani. Chini ya hapa kuna mali safi sana, mzee."

"Juu yake kuna shayiri," Barnabas akajibu. "Huioni?"

"Naiona. Vijana, itoeni nje."

Barnabas akamgeukia konstebo. "Elias, we mtu wa hapa. Mwambie nimekataa."

Mundy alitazama kofia yake. "Mzee Barnabas," akasema, "hukuulizwa."

Wakaitoa shayiri uani, mabata bukini wakaila. Wakaichimba sakafu mpaka magotini, siku mbili, na udongo wakaubeba kwenye mkokoteni wa Barnabas mwenyewe. Mzee alikaa kwenye pipa lililopinduliwa akitazama. Pasaka haikumkuta. Tabibu alisema ni kifua; Thomasin alisema ni lile shimo, na aliyembishia hakumbishia mara mbili.

Wachimbaji walipoondoka, Thomasin alishuka shimoni na kuokota bonge moja la ile sakafu, kubwa kama mkate, upande mmoja umelainika na kuwa mwekundu mweusi kama ini. Akaliweka jikoni juu ya rafu, karibu na chumvi. Watu wa nyumbani walimzoea. Wageni waliuliza, naye akawajibu, "Huyo ni baba."

Walter alitaka waweke matofali usiku na mchana kabla mtu hajajua. Thomasin akakataa, matofali yangewapeleka jela, na kimea hakiyapendi. Wakarudia desturi: udongo, chokaa, majivu, damu, fidla. Kijiji kizima kikaja. Hata konstebo Mundy alikuja, akasimama nje ya ua kama mtu aliyefika msibani na deni la maneno. Thomasin alimfuata, tumbo limemtangulia.

"Vua viatu, Elias."

"Mimi? Miguu yangu mibovu, mama."

"Vua. Utakanyaga pale pale mlangoni, pale uliposimama siku ile. Hapo pako, na pasipokaza nakuita urudi."

Mundy akavua, akakanyaga pake mpaka jua likazama, na hakuna aliyemcheka. Mtoto alizaliwa wiki mbili baadaye, msichana, wakamwita Damaris.

Ikapita miaka. Mfalme alitawala miaka kumi na mmoja bila kuliita Bunge hata mara moja, akitoza alichotaka na kuchimba alipotaka. Mwishowe Waskoti wakamkalia kooni, akaishiwa, akalazimika kuliita. Siku hizo ndipo nchi nzima ilipofungua kinywa. Kwetu, karani wa bwana aliyekuwa akigombea kwenda Bungeni aliweka meza kwenye baraza ya kanisa ili aandike malalamiko ya kijiji. Wanaume wakapanga mstari, huyu na kodi ya meli ilhali hajawahi kuona bahari, yule na askari waliolazwa nyumbani kwake.

Thomasin aliingia kwenye mstari, kapu mkononi. Wanaume wakamwachia nafasi, wakidhani anapita. Hakupita.

"Mama, hapa ni mambo ya kura," karani akamwambia kwa upole wa kitoto cha mjini. "Mumeo yuko wapi?"

"Anageuza shayiri. Andika: sakafu."

"Sakafu?"

"Sakafu ya kimea. Iliingiwa, ikachimbwa, hatukuulizwa."

Karani akaitazama hati yake, akatabasamu. "Mama yangu, tunaandika mambo makubwa. Uhuru wa raia. Mipaka ya mamlaka ya mfalme. Sasa sakafu..."

"Mpaka wenyewe ndio huo," Thomasin akasema. "Unaanzia mlangoni kwangu. Wewe ulidhani unaanzia wapi?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akakuta anacheka peke yake. Karani akasema mwanamke haweki sahihi wala alama kwenye hati ile, ndiyo sheria, yeye hakuitunga. Basi Thomasin akafungua kapu, akatoa lile bonge, akalitua juu ya karatasi, wino ukatapakaa.

"Haya, alama yangu hiyo. Mpelekee bwana wako."

Akaondoka. Mimi naamini karani alilitupa kwenye mtaro wa kwanza aliokutana nao. Thomasin hakuamini hivyo hata siku moja. Bunge lilipokutana, likaanza kumfunga mfalme kamba moja baada ya nyingine: asitoze bila ridhaa, asiwafunge watu kwa mahakama zake za pembeni, biashara ya baruti isiwe yake peke yake. Wachimbaji wakapotea barabarani. Thomasin alisikiliza habari hizo zikisomwa kwenye nyumba ya bia, mikono kiunoni, akawaambia wote waliokuwepo, "Limefika."

Ukweli ni kwamba furaha yake haikudumu. Mfalme na Bunge wakashikana mashati, nchi ikagawanyika, vita vikaja. Walter akaenda kupigana upande wa Bunge, kwa sababu ya ile sakafu, alisema, na hakuna aliyeona kichekesho. Homa ya kambini ilimuua kabla hajarusha risasi. Thomasin akabaki na Damaris, koleo la mbao, na shayiri isiyojua kwamba mtu amefiwa. Alilia akiigeuza. Alisema ndiyo mahali pekee ambapo mikono yake ilijua la kufanya.

Kisha, mwaka wa tatu wa vita, Ambrose Quilter akarudi.

Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Adabu ilikuwa ile ile. Alikuja na vijana wanne, masululu, na konstebo Mundy ambaye sasa alitembelea fimbo. Lakini safari hii Damaris aliwaona wakivuka daraja, akapiga mbio kuwaita majirani, na wachimbaji walipofika bandani walikuta wanawake ishirini na kitu wamesimama sakafuni pekupeku, sketi zimefungwa kiunoni, na Thomasin katikati.

Quilter akavua kofia. "Bi Pargeter. Sikutegemea mapokezi."

"Soma karatasi yako."

Akaisoma. Ilikuwa hati ya kuchimba shura popote itakapoonekana, mazizini, mabandani, maghalani.

"Muhuri wa nani huo?"

"Wa Bunge, mama. Si wa mfalme. Tunapigana na mfalme sasa."

"Bunge lile nililolipelekea sakafu?"

Quilter hakuelewa. Mundy alielewa, akakohoa.

"Sikiliza, bwana," Thomasin akasema. "Mfalme alisema anataka baruti ili atulinde. Na hawa wanasema wanataka baruti ili watulinde. Umebadilisha muhuri, koleo ni lile lile. Na mimi hadi leo sijaulizwa."

"Mumeo alikufa kwa ajili ya Bunge hili."

Hilo halikuwa la kusema, na Quilter mwenyewe aliona mara lilipomtoka.

"Ndiyo," Thomasin akasema, sauti imeshuka. "Kwa hiyo nalidai zaidi kuliko nilivyomdai mfalme. Yule alijidhani ni wa Mungu. Hawa ni wetu. Wakinifanyia yale yale, nitamlilia nani?"

Mmoja wa vijana akanyanyua sululu, akauliza, "Tuanzie wapi, bwana?"

"Anzia kwangu," akasema Dorcas Fry, mfuga nguruwe, mwanamke mpana kama lango. "Mguu huu umekanyaga hapa mara mbili. Wa kushoto ndio mzuri zaidi, ukitaka kuonja."

Wanawake wakacheka. Na hapo Elias Mundy akafanya jambo ambalo watu wa Ashcombe wanalisimulia hadi leo. Akaegemeza fimbo ukutani, akainama kwa shida, akavua kiatu cha kwanza, akavua cha pili, akaingia, akasimama pale pale mlangoni, mahali pake. Miguu yake kweli ilikuwa mibovu.

"Konstebo," Quilter akasema, "wewe uko upande wangu."

"Niko mlangoni," Mundy akajibu. "Utanipitia mimi kwanza."

Quilter hakuwa mkatili. Aliwahesabu wanawake, akawatazama vijana wake ambao mmoja wao shangazi yake alikuwa mle ndani, akavaa kofia akaondoka. Lakini hakuondoka kijijini. Siku hiyo hiyo alichimba zizi la mzee mmoja bubu mwisho wa njia, ambaye hakuwa na watu wa kumsimamia. Thomasin aliposikia, alijipiga kifua. Kuilinda sakafu yake tu, alisema, ni uhodari wa kuku. Ndiyo maana walipomwita mjini mbele ya kamati ya Bunge, hakujitetea yeye, alimtetea bubu. Walimfungia siku tisa. Kila asubuhi walimwambia aombe radhi aende nyumbani, na kila asubuhi alijibu, "Radhi kwa nani? Mwenye kuombwa ni mimi." Wakachoka, wakamtoa. Mundy walimvua ukonstebo, naye akasema amepumua.

Bunge likashinda. Kisha majira ya baridi kali wakamkata mfalme kichwa huko London. Habari ilipofika Ashcombe wengine walilia, hata wale waliomtukana miaka ishirini. Dorcas alikuja mbio bandani kumwambia Thomasin, akidhani atafurahi.

Thomasin aliendelea kugeuza shayiri mpaka mwisho wa mstari.

"Kichwa sikukitaka mimi," akasema. "Nilitaka apige hodi."

Mundy akafa, akazikwa bila viatu kwa ombi lake, kasisi akanuna. Damaris akaolewa, akabaki pale pale na mumewe, akaanza kusimama kwenye shayiri peke yake. Thomasin alipofika hamsini magoti yalimsumbua, nyayo bado zilisema kweli.

Asubuhi moja ya masika mlango wa banda ukagongwa. Hapo kwetu hakuna anayegonga mlango wa banda. Unaingia tu, ukivua viatu. Damaris akafungua. Nje alisimama mzee mwembamba mwenye vidole vya manjano, peke yake, kofia mkononi, viatu kavitoa kaviweka kando.

"Mama," Damaris akaita, "yule mtu."

Thomasin alikuja akijifuta mikono.

"Kuna sheria mpya," Quilter akasema. "Ya Bunge. Imepita mwaka huu. Mchimbaji haingii nyumba wala ardhi ya mtu ila kwa ruhusa yake mwenyewe." Akameza mate. "Kwa hiyo nimekuja kukuomba ruhusa, Bi Pargeter. Ya kuchimba hapa."

"Sema tena."

"Nakuomba ruhusa."

"Damaris, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Sema tena, bwana Quilter, huyu ana sikio moja zito."

Damaris masikio yake yalikuwa mazima yote mawili. Quilter alijua hivyo, akasema tena, na ninavyosikia alisema kwa sauti ya kutosha, bila kinyongo. Labda na yeye alikuwa amechoka kuchukiwa kila kijiji.

"Hapana," akasema Thomasin.

Quilter akangoja. "Kwa nini?"

"Sheria inataka nikupe sababu?"

"Haitaki."

"Basi hapana. Bia ipo, karibu ukae upumzike, umetembea mbali. Kuchimba, hapana."

Akakaa uani, akanywa vikombe viwili, akaisifu bia, akavaa viatu vyake, akaenda zake. Alipotoweka nyuma ya daraja Damaris alimgeukia mama yake.

"Lakini mama, lile zizi la nyuma tunataka kuuondoa udongo wake tangu mwaka juzi. Si ungempa hilo? Angetubebea bure."

"Najua."

"Sasa?"

"Aje kesho aombe."

Kisha akaingia bandani. Shayiri ilikuwa imeshapelekwa tanurini kukaushwa, sakafu ilikuwa tupu, imefagiwa. Akatembea pekupeku hadi katikati, pale lilipokuwa shimo, akasimama kama mtu anayepima joto, ingawa hapakuwa na kitu cha kupima. Damaris alidhani anaomba, akataka kurudi nyuma, ndipo akamsikia.

"Baba," Thomasin alisema, "leo tumeulizwa."